Je, Wajua? Waya Mwembamba Kuliko Unywele

Mabawa ya Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Uingereza ya mwaka 1917, yalikuwa ya juu na ya chini, yamekazwa kwa waya. Kwenye modeli ya kipimo cha 1:72, upana wa mabawa ni sentimita 12 tu. Waya wa milimita 4 hapo hubaki milimita 0.06!

Waundaji wengi wa modeli hujitengenezea uzi wa kuiga waya huo. Hupasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, kikilainika hukivuta taratibu, nacho hurefuka kama ute wa bamia. Wavivu hununua mshipi wa kuvulia.

Uzi umelegea? Sogeza kijiti cha udi kinachofuka. Joto huukaza papo hapo. Udi ukiugusa tu, umekatika.

Matundu ya kupitishia uzi hutobolewa kwenye modeli kabla ya kupaka rangi.