Hakuna Programu Itakayookoa Bando Lako

Ukiwa fundi wa mitandao mjini Kisii, hasa pande za soko la Daraja Mbili, siku haiishi kabla mtu hajakunyooshea simu: "Fundi, niwekee ile programu ya kupunguza bando. Runinga inanimaliza." Wengine huja na jina kabisa: VPN fulani waliyosikia kwa binamu aliye Nairobi, au faili iliyorushwa kwenye kundi la Telegram. Jibu langu ni lile lile, na sasa naliandika ili nisilirudie kwa mdomo: hakuna programu inayopunguza data ya video bila kuipunguza video yenyewe. Ya bure haipo, ya kulipia haipo. Swali la kuuliza ni hili: picha ninayotazama inakuja kwa ubora gani, na je, ni lazima ije kwa intaneti?

Wengi wanaolalamika hawajawahi kupiga hesabu, kwa hivyo tuipige. Netflix yenyewe inaeleza kwamba ubora wa chini kabisa hula takriban GB 0.3 kwa saa, ubora wa kati GB 0.7, na ubora wa HD hadi GB 3. Ukipanda hadi 4K, ni hadi GB 7 kwa saa. Sasa chukua kifurushi cha GB 50, kama kile ambacho Starlink ilikileta Kenya mwaka 2024 kwa Sh1,300 kwa mwezi. Familia inayotazama filamu saa mbili kila jioni hufikisha saa 60 kwa mwezi. Kwa HD, saa hizo zinaweza kudai GB 180. Kwa ubora wa kati ni GB 42, na kifurushi kinatosha na chenji inabaki. Kwa ubora wa chini ni GB 18. Filamu ni ile ile na watazamaji ni wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio mmoja ambao wengi hawajawahi kuugusa, kwa sababu wanangoja fundi awawekee programu.

Imani hii ya programu haikuzuka hivi hivi. Zamani ilikuwa na ukweli ndani yake. Opera Mini ilipoanza kusambaa duniani mwaka 2006, kurasa za tovuti zilipitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, zikapunguzwa uzito, ndipo zikafika kwenye simu. Kwa kurasa za maandishi na picha ndogo, wakati ambapo sehemu kubwa ya intaneti ilisafiri wazi bila kufungwa kwa msimbo, ulikuwa msaada wa kweli. Baadaye ikaja Opera Max, iliyoahidi kubana hata video. Ilifungwa mwaka 2017. Google nayo ikatoa Datally mwaka huo huo wa 2017 na kuiondoa 2019, na hiyo hata haikubana chochote: ilihesabu matumizi na kuzuia programu zinazokula data kwa siri. Kama ubanaji wa video kutoka nje ungekuwa biashara inayowezekana, kampuni zenye wahandisi wengi kiasi hicho zisingeuacha.

Sababu ya kwanza ya kushindwa kwake ni kwamba video inakufikia ikiwa imebanwa tayari. Picha ya HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikibeba biti 24 za rangi, na picha 25 hupita kila sekunde. Ikisafirishwa jinsi ilivyo, saa moja ingekula takriban GB 560. Ndiyo, saa moja. YouTube na Netflix huifinya mpaka ikabaki GB 2 au 3, kwa kuhifadhi tu kinachobadilika kutoka picha moja hadi nyingine na kutupa vile ambavyo jicho halitavikosa. Kutaka programu ya simu iifinye tena ni kukamua makapi ya muwa. Utamu ulishatoka kiwandani.

Sababu ya pili ni kufuli. Siku hizi video za huduma kubwa husafiri zikiwa zimefungwa kwa msimbo kutoka kwa mtumaji hadi kwenye runinga yako. Programu inayojiweka katikati, kama VPN, huona rundo la tarakimu zisizo na mpangilio, na kitu kisicho na mpangilio hakibaniki. Haijui kama hiyo ni mechi ya Gor Mahia au ni picha za harusi. Inachoweza kufanya ni kubeba mzigo wote ulivyo, kuuzungushia karatasi yake, kisha kuupitisha. Karatasi hiyo nayo ina uzito. Kampuni inayokuuzia intaneti huhesabu kila kinachopita langoni mwake, mzigo pamoja na karatasi. Kwa maneno mengine, VPN inakuongezea matumizi kidogo. Ina kazi zake halali, lakini kuokoa bando si mojawapo.

Hapo ndipo mtu huniambia, "Lakini fundi, kwangu ilifanya kazi." Mara nyingi alichokiona ni kimojawapo kati ya vitu vitatu. Huenda mita ya simu yake sasa inaonyesha YouTube imetumia kidogo sana, kwa sababu matumizi yote yameandikwa kwa jina la VPN. Sogeza kidole chini kidogo utayakuta. Au VPN imepunguza kasi, na YouTube, ikiona njia imesongamana, imeshusha ubora yenyewe. Data imepungua kweli, lakini ni kwa sababu picha imefifia, jambo ambalo angelifanya kwa kubonyeza mara mbili. Au programu hiyo imezuia zile nyingine zisisasishwe wala kupakia picha nyuma ya pazia. Hilo ni jema, ila simu yenyewe ina kiokoa data kinacholifanya bila malipo. Na kabla hujaniuliza: kiokoa data hicho hubana programu zilizo nyuma. Video iliyo mbele ya macho yako huiacha ipite.

Kuna pia kundi jingine, lile la faili za "intaneti ya bure". Hizi hujaribu kuudanganya mtandao kwamba unatembelea tovuti isiyotozwa, kumbe unatazama sinema. Huo si uokoaji wa data, ni wizi wa huduma, na kampuni zikigundua tundu huliziba, ndipo muuzaji wa faili anakuuzia nyingine. Hatari iliyo kubwa zaidi imo kwenye programu inayoambatana na faili hiyo. Ukiipakua nje ya duka rasmi, halafu ikaomba ruhusa ya kusoma SMS, nawe ukabonyeza kukubali, umeikabidhi jumbe zako za M-Pesa na nambari za siri ambazo benki hukutumia. Nimeona watu wakitoa ruhusa hiyo bila kupepesa jicho, kisha wakabishania bei ya kebo.

Hata programu za kampuni kubwa hazikuwa sadaka. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013, kampuni iliyokuwa na programu ya kubana data na baadaye VPN. VPN hiyo ilikuwa ikikusanya habari za jinsi watu wanavyotumia programu nyingine kwenye simu zao. Apple iliisukuma nje ya duka lake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama nchini Australia ikaamuru faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja. Bidhaa ilikuwa wewe.

Nikishamaliza hapo husikia malalamiko ya mwisho: "Basi kampuni zinatuibia. Bando lilikuwa linadumu wiki, sasa siku tatu." Kabla ya kumshtaki mtu, jiulize ni nini kimebadilika nyumbani. Huduma za video hupima kasi ya njia na kupandisha ubora kadiri njia inavyoruhusu. Ulipokuwa na mtandao wa 3G unaokwamakwama, YouTube ilikuletea picha hafifu. Umehamia 4G au 5G, ukanunua runinga ya inchi 43, na sasa inakuletea HD bila kukuuliza. Kila megabiti moja kwa sekunde ikitiririka saa nzima ni takriban GB 0.45, kwa hivyo picha ya megabiti 5 hula GB 2.25 kwa saa. Kasi ikipanda, ubora hupanda nayo, na bando huisha mapema. Umepewa zaidi ya ulichohitaji, nawe umelipia.

Sasa ya kufanya, na nitayapitia haraka kwa sababu hayahitaji hotuba.

Anza na king'amuzi. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, na tangu hapo king'amuzi cha chaneli za bure pamoja na antena nzuri hukuletea Citizen, NTV, KTN na KBC bila hata baiti moja ya bando. Sielewi kabisa mtu anayetazama habari za Nipashe za saa moja usiku kupitia YouTube ilhali mawimbi yanapita juu ya paa lake. Milima yetu huzuia mawimbi, kweli. Basi inua antena, igeuze, ujaribu upande mwingine kabla ya kukata tamaa.

Kwa kinachobaki kwenye intaneti, funga ubora. Netflix: ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, chagua wasifu, kisha matumizi ya data kwa kila skrini, weka kati. YouTube kwenye runinga: bonyeza alama ya gurudumu video ikicheza, chagua 480, na uikague tena video inayofuata. Kwa runinga iliyo mita tatu kutoka kwenye kochi, 480 inatosha habari, mahubiri na vichekesho. HD iweke kwa mechi. Zima uchezaji wa kujiendesha, ule unaofululiza video hadi alfajiri wenyeji wakikoroma. Nyimbo za kusindikiza kazi za nyumbani zisikilize redioni. Egesa FM haidai bando. Ukitaka YouTube kwa nyimbo tu, shusha hadi 144, maana hakuna anayetazama.

Zima masasisho ya runinga na upakiaji wa picha za simu, au uziambie simu za nyumbani kwamba Wi-Fi hiyo ina kipimo. Badilisha nywila ya Wi-Fi leo. Nusu ya mtaa wanaijua. Pakua filamu palipo na intaneti isiyo na kikomo, uzitazame nyumbani. Ukijiunga na faiba au kifurushi kinachoitwa "bila kikomo", soma masharti ya matumizi ya haki: kikomo kiko wapi, kinahesabiwa kwa siku au kwa mwezi, na kasi hushuka hadi ngapi ukikivuka. Ikishuka hadi megabiti moja, bado utapata 480 kwa shida. Chini ya hapo, jiandae kwa picha hafifu zaidi. Majirani wakiwa tayari kuchangia laini moja, na mkataba ukiruhusu, gharama hugawanyika, lakini kikomo nacho hugawanyika.

Kabla ya kununua kifurushi kipya, pima. Angalia salio, tazama saa moja kwa ubora ulioufunga, angalia salio tena. Tofauti hiyo izidishe kwa saa mnazotazama kwa mwezi, uongeze kidogo kwa ajili ya simu za watoto. Namba utakayoipata ndiyo ukubwa wa bando unalohitaji, na ndiyo ya kwenda nayo dukani, hata muuzaji akushawishi namna gani.