Shingo haina kaske



Katika miji yetu ya migodi hata mutoto mudogo anajua kaske ni nini. Anaona baba akiivaa asubuhi. Anajua kwamba bila ile, pale kwenye mulango wa kazi watamurudisha. Lakini mumekwisha kujiuliza: kati ya kaske na mabega kuko nini? Kuko shingo. Na shingo haina kaske.

Leo tunataka kuzungumuza nanyi juu ya muchezo wa mbali, ambao wengi wenu hamujauona hata siku moja: hoki ya barafu. Juu ya nini tuende mbali hivyo? Kwa sababu wachezaji wake wamebishana miaka na miaka juu ya kitu kidogo cha kulinda shingo, na mabishano yao mutayatambua mara moja. Ni yale yale tunayoyasikia kwetu juu ya kaske, mukanda na mabuti.

MUCHEZO WENYEWE

Katika inchi za baridi kali, kama Kanada na Sweden, maji ya maziwa yanakuwa magumu sawa jiwe wakati wa baridi. Vijana wanacheza juu yake, ao katika uwanja wenye barafu ya kutengenezwa. Kuko ekipe mbili, na kila ekipe inaingiza watu sita, pamoja na mulinzi wa goli. Hawapigi kwa muguu. Wanasukuma kwa fimbo kisahani cha mupira mugumu, chenye uzito wa gramu karibu 170. Mutu wa nguvu akikipiga, kinaweza kupita kilometa 160 kwa saa. Uwanja una urefu wa mita 60 hivi, na umezungukwa na ukuta.

Ili wateleze mbio, wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, unene wake milimita tatu hivi, nacho kinanolewa kama kisu. Sasa fikiri: watu wanakimbia, wanagongana, wanaanguka, miguu inapanda juu. Ni vile shingo inapata maadui wawili: chuma kinachokata, na ukuta unaovunja.

CHUMA KINACHOKATA

Pande zote mbili za shingo kunapita mishipa mikubwa, ile inayopeleka damu kwenye ubongo na ile inayoirudisha. Mushipa mukubwa ukikatwa, mutu anaweza kufa kwa dakika chache tu.

Tarehe 22 Machi 1989, Clint Malarchuk alikuwa akilinda goli la ekipe ya Buffalo, huko Marekani. Wachezaji wawili waliteleza wakamujia, na kiatu cha mumoja kikamukata shingo. Damu ikaruka juu ya barafu. Alitaka kutoka uwanjani haraka, kwa sababu alijua mama yake anaangalia ule muchezo kwenye televizyo, na hakutaka amuone akifa. Jim Pizzutelli, aliyehudumia wachezaji wa ekipe yake, alikuwa zamani askari muganga katika vita ya Vietnam. Alishika kidonda kwa mukono, akakaza, asiachilie mpaka waganga walipokipokea. Waliushona ule mukato kwa zaidi ya nyuzi 300. Malarchuk akapona, na hata majuma mawili hayakupita akarudi kucheza.

Watu walimusifu: mwanaume kweli! Lakini kuko kidonda kingine ambacho hakuna aliyekishona. Miaka mingi aliteswa na ndoto mbaya, hofu na huzuni. Katika 2008 alijaribu kujiua kwa bunduki, akaokoka. Nyuma ya matunzo alianza kuwaambia wengine wazi kwamba akili nayo inaumia, na kwamba kuomba musaada si haya. Wazazi, mulishike neno hili: mutu aliyeokoka katika hatari kubwa anaweza kuwa anatembea, anakula, anafanya kazi, na bado ni mugonjwa.

Huko Sweden, Bengt Åkerblom hakupata bahati ile. Alikufa katika 1995, nyuma ya kukatwa shingo katika muchezo wa kirafiki. Inchi yake ikaamuru wachezaji wavae kola ya kinga shingoni. Inchi nyingine nyingi ziliweka sheria ile kwa watoto na vijana tu, zikaachia watu wakubwa wajichagulie.

KIJANA WA MUJI WA MIGODI

Kule Minnesota, Marekani, kuko muji unaoitwa Hibbing. Watu wa Kolwezi ao Likasi wangeuelewa upesi. Ni muji wa migodi ya chuma, wenye shimo kubwa la wazi la urefu wa kilometa nyingi. Shimo lilipokuwa likipanuka, kuanzia 1919, nyumba za muji zilihamishwa ili watu wachimbe mahali zilipokuwa. Baridi yake ni kali, na watoto wake wanakua na fimbo ya hoki mukononi.

Adam Johnson alizaliwa pale katika 1994. Alicheza kwao, akafika mpaka ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini, NHL, kisha akaenda kucheza Uingereza katika ekipe ya Nottingham. Tarehe 28 Oktoba 2023, katika muji wa Sheffield, mbele ya maelfu ya watazamaji, kiatu cha muchezaji wa ekipe ya pili kilimukata shingo. Akafa. Alikuwa na miaka 29. Polisi walichunguza, na katika 2025 wenye kazi ya mashitaka wakatangaza kwamba hawatamupeleka mutu kortini. Katika ligi ile, kola haikuwa lazima kwa mutu mukubwa.

“MIMI NIKO MWANAUME”

Kola si kitu kizito. Za zamani zilikuwa nene na zenye joto. Za sasa zinashonwa kwa nyuzi za aramidi, za aina ile inayotumiwa katika nguo za kuzuia risasi. Nyingine zimeunganishwa na shati la ndani. Hakuna kola inayozuia kila mukato, lakini inaweza kufanya mukato mukubwa uwe mudogo, ao uwe si kitu.

Basi juu ya nini walikataa? Sikieni majibu yao: Inanibana. Inaleta joto. Sijaizoea. Ni kitu cha watoto. Mimi niko mwanaume, nimecheza miaka kumi bila ile na sijapatwa na neno.

Ndugu yangu, si umesikia maneno hayo hapa kwetu?

Na si mara ya kwanza. Tarehe 1 Novemba 1959, mulinzi wa goli Jacques Plante alipasuliwa uso na kisahani. Akashonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani bila kifuniko cha uso. Mwalimu wa ekipe yake hakupenda, lakini Plante alisimama imara. Leo hakuna mulinzi wa goli wa ligi kubwa anayesimama uso wazi. Katika Januari 1968, Bill Masterton alianguka na kupiga kichwa kwenye barafu. Hakuwa na kaske. Alikufa nyuma ya siku mbili. NHL ilingoja mpaka 1979 ili kulazimisha kaske, tena kwa wachezaji wapya tu. Wazee waliweza kutia saini na kuendelea kichwa wazi. Wa mwisho wao, Craig MacTavish, aliacha kucheza katika 1997. Hesabu mwenyewe: tangu kifo kile mpaka kichwa cha mwisho, ilipita miaka 29.

Safari hii walikwenda mbio kidogo. Nyuma ya kifo cha Johnson, chama cha hoki cha England kililazimisha kola kuanzia tarehe 1 Januari 2024, na shirikisho la dunia likafanya vile katika mashindano yake yote. Marekani ikalazimisha kwa watoto na vijana kuanzia Agosti 2024. Na NHL? Makubaliano ya 2025 yanasema kola ni lazima kuanzia musimu wa 2026–2027, lakini kwa wale tu ambao hawajacheza ndani yake hata mara moja. Kwa hiyo mudogo anavaa, mukubwa anajiachilia, na mudogo anamuangalia mukubwa.

UKUTA UNAOVUNJA

Hapa tuangalie vizuri, kwa maana wengi wanadanganyika. Kola inazuia chuma kisikate nyama. Haizuii mifupa ya shingo isivunjike. Kaske nayo inalinda kichwa, hailindi shingo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Doktere Charles Tator, mupasuaji wa ubongo huko Toronto, na wenzake waliona vijana wengi wa hoki wanaletwa wakiwa wamepooza. Walichunguza, wakakuta kwamba mara nyingi kijana alisukumwa kutoka nyuma, akaupiga ukuta kwa utosi. Shingo iliyonyooka inajipinda kidogo, na ule mupindo unapunguza nguvu ya pigo. Ukiinamisha kichwa, mupindo unapotea, mifupa inasimama kama fimbo, na nguvu yote inapita ndani yake mpaka fimbo inavunjika.

Dawa haikuwa chombo kipya. Kanada iliweka sheria ya kukataza kusukuma mutu kutoka nyuma, na watoto wakafundishwa: ukiwa karibu na ukuta, inua kichwa. Kwa miaka iliyofuata majeraha yale yalipungua.

Hayakuisha. Tarehe 20 Oktoba 1995 Travis Roy, wa miaka 20, aliingia katika muchezo wake wa kwanza wa chuo kikuu huko Boston. Nyuma ya sekunde 11 aliteleza akaupiga ukuta kwa kichwa, na kaske yake iko kichwani. Mufupa wa nne wa shingo ulivunjika. Alikaa katika kiti cha magurudumu mpaka kufa kwake katika 2020, na kwa miaka ile aliongoza kazi ya kusaidia wengine waliopooza kama yeye.

TUFANYE NINI?

Kwetu hakuna barafu. Lakini kuko pikipiki, kuko miti ya maembe, kuko mashimo yanayobomoka. Shingo ni ile ile.

Damu ikitoka sana shingoni: laza mutu chini, gandamiza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi. Usifungue kuchungulia, na usifunge kamba kuzunguka shingo. Usigandamize pande zote mbili pamoja. Endelea kukaza mpaka lopitali.

Mutu akianguka, na shingo inamuuma, ao hasikii mikono ao miguu: usimukalishe, usimuvute, usimugeuze kichwa ili kuona. Mumoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike. Kama anapumua vizuri, usimuvue kaske. Ikiwa ni lazima kumubeba, watu wengi wamuinue pamoja juu ya ubao ao mulango, mwili na kichwa katika musitari mumoja.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anavaa vyombo vya kinga kwa sababu anaona faida yake, na nani anavaa kwa sababu ya kapita tu?

2. Vijana, ni mukubwa gani munayemuiga? Yeye anavaa?

3. Mutu akianguka leo kutoka pikipiki mbele ya nyumba yetu, nani atashika kichwa, na nani atakimbia kutafuta ubao?