Kwa nini kompyuta haisomi kanda za zamani za video?

Harusi nyingi za miaka ya 2000 Afrika Mashariki zilirekodiwa katika kanda ndogo za MiniDV. Kwa familia za Rusizi, zamani Cyangugu, kando ya Ziwa Kivu, kuzihamishia kwenye kompyuta si jambo la kuahirisha: unyevu huotesha kuvu juu ya kanda, na picha iliyoharibika hairudi.

Kikwazo cha kwanza ni waya. Katika kamera nyingi za aina hiyo, tundu la USB hupitisha picha mnato au video hafifu tu. Video kamili hupitia FireWire. Kompyuta mpya hazina tundu hilo, na mfumo wa macOS 26, uliotolewa Septemba 2025, hauutambui tena. Kompyuta kuukuu yenye FireWire haifai kutupwa.

Waya ukiwa sahihi lakini kamera isionekane, iwekwe katika hali ya kucheza kanda, si ya kurekodi. Picha zikirukaruka, huenda diski ni ya polepole. Funga programu nyingine. Zikijaa miraba, jaribu kanda ya kusafishia kamera. Kazi ikikoma baada ya takriban dakika 19, huenda diski inatumia mfumo wa FAT32, usiopokea faili inayozidi GB 4.

Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa na hujaza takriban GB 13. Yenye kuvu isichezwe kabla ya kusafishwa na fundi, isije ikaharibu kamera na kanda nyingine.