Fahamu: Jordan Mailata, mcheza raga aliyegeuka ukuta wa Eagles

Katika futiboli ya Kimarekani, wachezaji watano husimama mstari wa mbele timu yao inaposhambulia. Ndio wazuiaji, na Jordan Mailata ni mmoja wao.

Kazi yao ni nini?
Kumkinga kwotabeki, yaani mrusha mpira, asiangushwe, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi mbele, hivyo majina yao hutajwa zaidi wanapokosea.

Mailata alifikaje huko?
Alizaliwa Sydney, Australia, kwa wazazi wenye asili ya Samoa. Alicheza raga ya wachezaji 13 katika timu ya vijana ya South Sydney Rabbitohs. Ana urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito unaopita kilo 150. Mwaka 2018 timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua katika raundi ya 7, ya mwisho, ya zoezi ambalo timu za ligi huchagua wachezaji wapya, ingawa hakuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani.

Alifanikiwa lini?
Hakucheza mechi yoyote ya ligi misimu miwili ya kwanza. Maumivu ya mgongo yalimweka nje. Kocha Jeff Stoutland aliendelea kumnoa, na mwaka 2020 akaanza kupangwa.

Amevuna nini?
Mwaka 2021 alipewa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 64. Februari 2025 alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Eagles walipoifunga Kansas City Chiefs 40-22.