Kabla Hujaitupa Ngalawa ya Marehemu, Kagua Viungo Vyake

Ukipita fukwe zetu za Kwale, kuanzia Gazi hadi Vanga, hukosi kuona ngalawa iliyolazwa chini ya mkungu, imejaa majani makavu na maji ya mvua. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ni ya marehemu fulani. Warithi wapo, vijana wapo, lakini chombo kinaoza hadi kiwe kuni. Na kijana wa nyumba hiyohiyo anavua katika chombo cha mwengine, fungu la kwanza la samaki likienda kwa mwenye chombo.

Msimu wa kusi uliopita, mimi na binamu zangu wawili tuliifufua ngalawa ya ami yetu, Mungu amrehemu, tukiongozwa na fundi mmoja mzee. Kazi ilituchukua wiki saba. Nimeona niwaeleze wenzangu namna inavyofanywa, kwa sababu si kazi ya kutisha ukijua pa kuanzia. Pa kuanzia si rangi wala tanga. Ni viungo.

Vile vyombo vya matumbo mawili tunavyoviona vimetia nanga Kilifi na Mtwapa huitwa katamarani. Neno hilo limetoka kwa Watamil, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Ngalawa yetu, yenye gogo moja katikati na matengo mawili ubavuni, ni ya ukoo huohuo. Mwingereza James Wharram, aliyevuka Atlantiki miaka ya 1950 kwa katamarani aliyoijenga mwenyewe, baadaye alichora vyombo vingi ambavyo matumbo yake huunganishwa kwa kamba badala ya bolti. Sababu ni ileile waliyoijua wazee wetu: bahari huchezesha kila kipande upande wake, na kiungo kisichoweza kucheza hupasuka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, maliza mambo ya mirathi. Ngalawa ya marehemu ni mali ya warithi wote, wanaume na wanawake, hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukivua nayo. Kaeni, itathminiwe kama ilivyo kabla ya kutengenezwa, kisha ama uwanunue wenzako mafungu yao, ama mwandikiane kuwa gharama za matengenezo zitarudi kwanza ndipo mapato yagawanywe. Sisi tulikuwa na shangazi aliyetaka iuzwe. Binamu yangu mkubwa alimlipa haki yake kabla hatujashika nyundo. Ukilipuuza hili, chombo kitaelea na udugu utazama.

Pili, ipandishe kwa maji ya bamvua, mwezi unapoandama au unapotimia, ili bahari ikufikishie chombo juu kabisa ya ufuko. Ukingoja maji mafu utaiburura mchanga mzima. Ikishapanda, iinue juu ya magogo na uiezekee makuti. Jua kali hukausha mbao upande mmoja na kuzipasua. Iache kivulini wiki mbili au tatu ikauke taratibu.

Tatu, ikague. Fundi wetu hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na kisu chembamba na mpini wa nyundo. Gogo zima likigongwa hulia kwa sauti kavu na ya kukaza. Lililooza hulia bubu. Penye sauti bubu aliingiza kisu, na kilipozama bila taabu alitia alama ya mkaa. Alituambia, "Wanangu, msiniangalizie tumbo. Tumbo la mwembe hili litawazika nyote. Niangalizieni palipokutana mbao na mbao." Na kweli, alama karibu zote ziliangukia chini ya mlingoti, kwenye mbao za kuongezea ubavu, na pale miti ya kukingama inapokalia gogo. Hapo ndipo maji ya mvua hutuama.

Nne, ondoa kilichooza chote. Kata hadi ufike kwenye mti mzima, kisha upachike kiraka cha mbao kavu. Misumari ya chuma kitupu iliyoshika kutu ing'olewe, kwa kuwa kutu hula mbao inayoizunguka. Tumia iliyopakwa zinki.

Wengi siku hizi hukimbilia kupaka faiba juu ya ngalawa nzima. Faiba juu ya mti wenye unyevu hufungia maji ndani. Nje chombo kinang'aa, ndani kinakuwa uji, na utakuja kujua uko nje ya mwamba. Tena resini ya kawaida ya polista haishiki mbao vizuri, huanza kubanduka. Ukilazimika, mti uwe mkavu kabisa na utumie epoksi, ingawa ni ghali.

Tano, kalafati. Pamba iliyolowekwa mafuta husukumwa kwenye nyufa kwa patasi butu, kidogo kidogo. Usiishindilie kwa nguvu zote, kwani mbao ikinywa maji hufura, na pamba iliyobanwa kupita kiasi itaisukuma mbao itoke. Kisha paka sifa ndani na nje. Chini, wazee walipaka deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama.

Sita, matengo na miti yake. Mikoko haikatwi bila kibali cha KFS, kwa hivyo sisi tulinunua nguzo za mvinje kwa mkulima. Matengo yote mawili yawe na urefu mmoja na mlalo mmoja, la sivyo chombo kitavuta upande. Kamba ndiyo roho. Nailoni hunyumbuka ikipata mvuto, na zile kamba za plastiki za bei rahisi huliwa na jua. Kamba ya polista ni bora. Izungushe mara nyingi ukiibana, kisha ukatishe mizunguko mingine katikati ili ile ya kwanza ikazane.

Mwisho, kabla ya kwenda mbali, ishue penye maji madogo, ijaze maji na uiache siku mbili mbao zifure. Yafue, uangalie panapovuja. Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba, na ukirudi ukaze kamba zote upya, maana zitakuwa zimelegea. Jaketi za kujiokolea ziwe za watu wote waliomo.

Gharama yetu kubwa ilikuwa mbao na epoksi ya viraka viwili. Jumla haikukaribia bei ya mashua mpya ya faiba. Kigumu kupatikana si fedha, ni fundi. Wanaojua kusikiliza gogo kwa mpini wa nyundo wanahesabika, na wengi wao hawana mwanafunzi. Miembe minene ya kuchongwa ngalawa mpya nayo imepungua. Kwa hivyo kama kuna gogo zima chini ya mkungu kwenu, mwite mzee huyo kusi hii, umlipe haki yake, na umuweke kijana pembeni yake ashike kisu.