Je, Wajua? Waliotoka Pwani

Historia ya pwani yetu hufundishwa sana kwa kuwataja waliofika: Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331, Vasco da Gama Malindi mwaka 1498. Leo tuwataje waliotoka, maana nao walibadilisha mambo.

Je, wajua kwamba twiga wa Malindi alifika China miaka 83 kabla ya da Gama kutia nanga Malindi? Mwaka 1415 wajumbe wa mji huo walimfikisha kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Wachina walimwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hujitokeza zama za mtawala mwema, na mfalme mwenyewe akatoka hadi langoni kumpokea. Mimi huwafikiria mabaharia: kumlisha twiga na kumweka hai baharini safari nzima ile!

Je, wajua kuwa sarafu za Kilwa zimeokotwa Australia? Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg, aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi, tano za Kilwa. Alizihifadhi koponi, na zaidi ya miaka 30 ikapita kabla ya wataalamu kuzitambua. Lakini sifa ya sarafu za Kilwa ni maandishi yake. Upande mmoja lipo jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Wafanyabiashara wa Kilwa walilipana kwa beti.

Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, alitokaje gerezani Pate? Masimulizi yanasema mama yake alimtuma kijakazi Saada na mikate. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Humo ndimo tupa ilimofichwa. Akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikirindima nje, na hakuna aliyesikia.

Je, wajua kwamba merikebu ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, iitwayo Sultana, ilitoka Unguja ikaingia New York tarehe 30 Aprili 1840? Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman. Merikebu ilibeba pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili. Katiba ya Marekani haikumruhusu rais kuzipokea bila idhini ya Bunge. Picha ya Ahmad, iliyochorwa huko huko, ingali ipo.

Binti wa Sayyid Said huyo huyo, Salme, alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa mjamzito, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, akahamia Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na kwangu hakuna kitabu kinachotuingiza ndani ya nyumba za kifalme za Unguja kama hicho.

Je, wajua ni nani waliomrudisha pwani mmisionari Livingstone? Alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi Bagamoyo mwendo wa miezi mingi. Halima, mpishi wake, alikuwa miongoni mwao. Majina hayo yastahili kukaririwa shuleni pamoja na la Livingstone.

Vita vya dakika 38 vya Waingereza na Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, vinajulikana. Je, wajua Sultani Khalid bin Barghash, aliyeshindwa, aliondokaje baada ya hapo? Alijificha katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Waingereza wakamvizia nje. Tarehe 2 Oktoba, maji yakiwa yamejaa, mashua ya Wajerumani ilifika mpaka langoni. Khalid akaingia bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata baadaye, mwaka 1916.

Na Mekatilili wa Menza? Mwaka 1913 aliwalisha Wagiriama kiapo cha kutowatumikia Waingereza. Serikali ikamfunga Kisii, karibu na Ziwa Viktoria, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Wakatoroka, wakarudi kwao Giriama. Wakakamatwa tena. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti, na Wagiriama wakaingia vitani.