Je, Kilichohifadhiwa Kimehifadhika?

Umemaliza sura ya tasnifu, ukabofya "Hifadhi", kisha ukachomoa flashi papo hapo. Sura hiyo imehifadhika? Huenda bado.

Diski ni ya polepole kuliko kumbukumbu ya kompyuta. Kwa hiyo mfumo endeshi huyapokea maandishi kwanza katika kumbukumbu, kisha huyapeleka diskini baadaye. Katika Linux, kwa kawaida yanaweza kusubiri takribani sekunde 30. Umeme ukikatika kabla, yamepotea.

Programu makini hutoa amri iitwayo fsync, inayoulazimisha mfumo kuyaandika diskini kwanza. Mifumo ya faili kama ext4 na NTFS huweka pia shajara ya mabadiliko. Shajara hiyo hulinda mpangilio wa faili, haiokoi maandishi ambayo hayajafika.

Basi, iamuru kompyuta iitoe flashi, subiri ithibitishe, ndipo uchomoe.